Muhammad Ali Si Hoja ya Kupigana Ngumi



Ndugu wazazi na wanafunzi, kila tunapowakataza vijana wetu kuingia katika ndondi za kulipwa, jibu huwa ni lile lile: "Ustadh, mbona Muhammad Ali alikuwa Muislamu?" Ni swali la haki, wala halijibiwi kwa ukali. Hebu tuutazame mwendo wake wote, kwani wengi wanaujua nusu tu.

Alizaliwa Louisville, Marekani, mwaka 1942, akaitwa Cassius Clay. Mwaka 1964, akiwa na miaka 22, alimshinda Sonny Liston akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, kisha akatangaza Uislamu wake. Wakati huo alikuwa katika kundi la Nation of Islam, lenye itikadi tusiyoikubali. Mwaka 1975 ndipo alipofuata njia ya Sunna pamoja na Warith Deen Mohammed.

Jambo linalotufanya tumheshimu lilitokea nje ya ulingo. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, alikataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akisema dini yake haimruhusu. Akanyang'anywa ubingwa na leseni, akahukumiwa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Jela hakuingia kwa kuwa alikata rufaa, lakini kwa zaidi ya miaka 3 hakupigana, nayo ndiyo miaka ambayo mwili wa bondia huwa katika ubora wake. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamfutia hatia. Kijana anayempenda Ali na aanze hapa: je, yuko tayari kupoteza pesa na sifa kwa ajili ya anachokiamini?

Sasa tuje kwenye ngumi zenyewe. Wazee wetu wanaikumbuka Kinshasa, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, Ali alipomwangusha George Foreman raundi ya 8. Kinachosahauliwa ni namna alivyoshinda: aliegemea kamba, akamwacha Foreman ampige mpaka achoke. Ushindi ule aliulipia kwa mwili wake. Mwaka uliofuata, Manila, yeye na Joe Frazier walitwangana raundi 14. Daktari wake, Ferdie Pacheco, alimsihi aache. Asiposikilizwa, akaondoka mwaka 1977. Ali akaendelea. Oktoba 1980 Larry Holmes alimpiga raundi 10, mpaka kocha wake mwenyewe akasimamisha pambano. Mwaka 1981 akarudi tena, akashindwa na Trevor Berbick. Mapambano 61, ushindi 56. Mwaka 1984, akiwa na miaka 42 tu, ikajulikana kuwa ana maradhi ya Parkinson. Mikono ikatetemeka, na ulimi ule uliosifika dunia nzima ukawa mzito. Madaktari wamebishana juu ya chanzo, lakini kwamba mapigo ya kichwa huharibu ubongo, hilo halina ubishi.

Mtume (s.a.w.) ametukataza kupiga uso. Katika ndondi, uso ndio shabaha, na kumpotezea mwenzako fahamu ndiyo sifa. Ndiyo maana Baraza la Fiqhi la Rabita, lilipokutana Makka mwaka 1987, liliamua kuwa ndondi haziruhusiwi katika sheria yetu.

Wapo watakaosema kijana hana kazi, ngumi zitamtoa. Dhiki ya nyumba zetu tunaijua. Lakini kwa kila Ali mmoja, ni wangapi waliopigwa wakatoka ulingoni bila pesa wala jina? Na sisi wazazi na walimu tusijifiche nyuma ya neno haramu. Anayemkataza kijana ngumi na asimpe chochote cha kufanya jioni, amefanya nusu ya kazi. Kuna mpira, mbio, kuogelea. Kuna fundi wa kumfundisha ufundi. Mwili wenye nguvu ni neema, na dini haikutaka tuwe dhaifu.

Ali alifariki tarehe 3 Juni 2016. Allah amrehemu. Tuchukue kwake msimamo, ngumi tuziache.

Wabillahi tawfiq.