Pikipiki Huundwa Kuanzia Kiti cha Nyuma



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad. Wiki hii twajibu barua ya mama mmoja, mzaliwa wa Pwani aliyeolewa Modogashe, mji ulio mpakani mwa kaunti za Garissa na Isiolo. Mwanawe wa miaka 19 amenunua gofu la pikipiki kuukuu, akalikokota hadi uani, na tangu siku hiyo ua umegeuka karakana. Kijana ataka kuunda pikipiki ya namna yake: kiti kifupi cha mtu mmoja, ekzosi iliyo wazi, rangi nyeusi tupu, kama zile azionazo kwenye simu. Mama atuuliza: amwache, au amwamrishe avitupe vyuma hivyo kabla havijamletea msiba nyumbani?

Kwa wasioijua Modogashe, ndipo inapokutana barabara itokayo Garissa na ile itokayo Isiolo kwenda Habaswein, Wajir na Mandera. Mabasi na malori hushika njia kuu. Lakini kutoka njia kuu hadi mabomani ni mchanga, miiba na laga, zile njia za mito mikavu zinazofurika ghafla mvua inyeshapo. Huko, chombo kipitacho ni pikipiki. Ndiyo ibebayo maziwa ya ngamia ya akina mama alfajiri kabla jua halijayachachua, na ndiyo imkimbizayo mja mzito aliyeshikwa na uchungu usiku. Tangu serikali ilipoondoa ushuru wa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, vyombo hivi vimeenea kila pembe ya Kenya, vingi vyavyo vikiwa Boxer na TVS kutoka India. Vichakaapo huacha magofu, na vipuri vyake vyapatikana. Basi gofu lile uani, mama yetu, si takataka. Ni mtaji ulioshika kutu.

Asili ya ufundi katika dini yetu ni halali na ni heshima. Nabii Daudi (a.s.), pamoja na unabii na ufalme wake, alilainishiwa chuma akafua deraya, na Qur'ani Tukufu katika Surat Sabaa yatueleza kwamba aliamrishwa apime sawasawa kuunganisha pete zake. Tazameni: hakuamrishwa kufua tu, aliamrishwa kupima. Na katika Surat an-Nahl, Mola wetu ataja farasi, nyumbu na punda kwamba ameviumba tuvipande na viwe pambo. Kupanda kumetangulia, pambo likafuata. Mpango huo ndio fatwa yetu kwa kijana huyu. Hatumkatazi pambo, twamtaka aliweke mahali pake.

Na pambo litajua mahali pake iwapo fundi atajiuliza kwanza: nani atakaa nyuma? Mjapani Soichiro Honda alianza hivyo. Mwaka 1946, Japani ikiwa magofu ya vita, alipata injini ndogo zilizokuwa zikiendeshea redio za jeshi, akaifunga moja kwenye baiskeli. Tangi la kwanza la mafuta lilikuwa chupa ya kupashia joto kitandani. Aliyeijaribu barabarani ni mkewe, Sachi, ambaye alikuwa akitumia baiskeli kwenda kutafuta chakula cha nyumba. Mwaka 1958 kampuni yake ilitoa Super Cub, pikipiki ambayo mnyororo wake umefunikwa wote na ambayo mtu aliyevaa sketi aweza kuipanda bila kurusha mguu juu ya tangi. Kufikia 2017 zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 100. Kilichoanza kwa haja ya nyumba moja kikaihudumia dunia.

Sasa twende uani. Mafundi wetu wa majahazi huanza na mkuku, kisha mataruma, na nakshi huja mwisho. Mkuku wa pikipiki ni fremu. Kijana aivue pikipiki yote hadi fremu ibaki tupu, aisugue kutu, atazame kila kiungo kama kina ufa. Wengi wanaotaka kiti kifupi huukata mkia wa fremu. Sisi twamwambia asiukate, kwani mkia huo ndio ubebao mzigo wa nyuma, na mzigo huo kesho ni mamake. Panapohitaji kuchomelewa, aondoe kwanza betri na tangi, aviweke mbali. Tangi lililomwagwa petroli bado lina mvuke, na mvuke ndio ulipukao. Tangi lenyewe lisichomelewe uani kamwe, na petroli isiwekwe jikoni wala mahali watoto wafikapo.

Baada ya fremu ni breki, beringi za magurudumu na za shingo ya usukani, kisha matairi. Vitu hivi vinunuliwe vipya hata kama rangi itangoja mwaka mzima. Mnyororo na sproketi hubadilishwa pamoja, na mnyororo uachiwe ulegevu wa takriban inchi 1. Hapa ndipo kijana aweza kuonyesha ujuzi wake. Sproketi ya mbele ikiwa na meno 14 na ya nyuma 42, ya mbele huzunguka mara 3 gurudumu lizungukapo mara 1. Akiweka ya nyuma yenye meno 45, itazunguka mara 3.2: nguvu ya kuvuta mchangani huongezeka, mbio hupungua. Kwa Modogashe, hiyo ni faida mara mbili. Wala asiondoe chujio la hewa kwa ajili ya umbo, maana vumbi la huko likiingia kwenye silinda huisaga kama jiwe la kusagia.

Jambo la tatu lawahusu akina mama hasa. Mabuibui na majilbabu yetu ni marefu, na mnyororo na spoku havijui sitara. Nguo ikinaswa, humwangusha mwenyewe kabla hajapiga ukelele. Wahindi, ambao wake zao huvaa sari, huweka wavu wa chuma ubavuni mwa gurudumu la nyuma, na pikipiki nyingi huja nao kutoka kiwandani. Vijana wengi huung'oa wakiuona haupendezi. Mwanetu aurudishe, aufunike mnyororo, aweke vikanyagio imara na mshikio wa abiria. Mama naye avae suruali pana ndani ya buibui, akusanye nguo, akae kwa kutanua miguu pande mbili. Heshima na usalama havigombani. Tena kupandishwa na mwanao wa kumzaa, ambaye ni maharimu wako, ni bora kuliko kila siku kutafuta dereva usiyemjua.

Ekzosi iliyo wazi hatuiungi mkono. Jirani ana mtoto mchanga, ana mgonjwa, ana usingizi wake. Kumuudhi jirani hakuhalalishwi na uzuri wa chombo.

Halafu kuna karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Gofu hilo lina namba ya fremu na namba ya injini. Zilinganishwe na kitabu cha umiliki kilichosajiliwa na NTSA, na umiliki uhamishwe kisheria. Injini ikibadilishwa, mabadiliko hayo yaandikishwe. Kila kipuri kuukuu kinunuliwe kwa hati na mashahidi, kwani kitu cha wizi hakihalalishwi kwa kupakwa rangi, na anayekinunua huku akijua ameshiriki dhambi. Bima ilipwe. Zinunuliwe helmeti mbili na jaketi mbili za kumetameta, maana sheria ya Kenya yavitaka kwa dereva na kwa abiria, na yaruhusu abiria mmoja tu. Helmeti ya pili isiwe ya kuazima.

Basi, mama yetu, jawabu letu ni hili. Mwache aunde. Kijana aliyeshika spana uani kwako yuko machoni pako, na mikono iliyojifunza kupima haitalala njaa. Lakini mpe sharti moja: kiti kiwe cha watu wawili. Katika sharti hilo yamo mengine yote, maana aundaye chombo cha mamake hataisahau breki. Kaa naye baada ya alasiri, muulize maswali, umwandikie gharama kwenye daftari ikiwa yeye ni mvivu wa kuandika. Ikikamilika, afunge mitungi miwili ya lita 20 ya maji kwenye kiti cha nyuma, aiendeshe uwanjani, afunge breki, akate kona, apite mchangani. Arudie siku kadhaa, akikaza kila nati iliyolegea. Mitungi ikirudi salama, ndipo upande wewe, kwa dua ya safari.

Rangi nyeusi, kama bado aitaka, apake baada ya hapo. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Atakayeiona pikipiki hiyo ikivuka laga huku mama amekaa nyuma na dumu la maziwa, atajua imeundwa na mtu aliyelelewa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu njiani na aibariki kazi ya mikono yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.