Tafuta Geti la Pili

Nina ombi kwako. Utakapoingia tena uwanjani, ukumbini au kwenye mkutano mkubwa wa dini, kabla hujakaa tafuta geti la pili. Uliloingilia unalijua. Tafuta jingine, hakikisha kwa macho yako kama liko wazi, kisha mwonyeshe uliyekuja naye.

Mwaka 2000 wanasayansi Dirk Helbing, Illés Farkas na Tamás Vicsek walichapisha katika jarida la Nature kazi waliyoifanya kwa kompyuta. Walitengeneza umati wa kubuni, wakauweka katika chumba kilichojaa moshi ambamo milango haionekani. Kila mmoja alipohangaika kivyake, aliyetoka alitoka kwa bahati. Wote walipofuatana, walisongamana kwenye mlango mmoja, na mlango mwingine ukabaki bila watu. Waliotoka wengi zaidi ni wa umati uliochanganyika: wapo waliotafuta njia wenyewe, na wenzao wakamfuata aliyeipata. Kwa hiyo kufuatana si kosa. Hatari inakuja pale ambapo hakuna hata mmoja anayejua njia iliko.

Kazi hiyo hiyo ilionyesha kwamba watu wakiharakisha mno kutoka, ndipo wanapochelewa. Mabega yanabanana mlangoni, upenyo unaziba, na kila anayesukuma anazidi kuukaza.

Nasi tumezika watu wetu. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walifariki katika ibada iliyofanyika uwanjani, umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Machi 2021 watu 45 walifariki katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wakati wa kumuaga Rais John Magufuli. Baada ya misiba ya namna hii huwa tunasema watu walikosa ustaarabu. Usemi huo naukataa kabisa, kwa sababu unawalaumu marehemu na kuwaacha walio hai bila la kujifunza. Watu wakifika sita au saba katika mita moja ya mraba, mtu hana tena mamlaka juu ya miguu yake. Umati unambeba, na wengi hufa kwa kukosa pumzi, wengine wakiwa bado wima. Aliye nyuma naye anaona mgongo tu. Mgongo ukisogea, anasogea. Hana namna ya kujua kuwa hatua chache mbele kuna mama aliyeanguka na mtoto.

Aliye juu jukwaani ndiye anayeona. Ndiyo maana wito wangu mkubwa nauelekeza kwa waandaaji: viongozi wa dini, wa vyama, wa klabu za mpira, walimu wakuu. Fungueni mageti yote kabla shughuli haijaisha, na kila geti liwe na mtu mwenye ufunguo mkononi. Tenganisheni njia ya kuingia na ya kutoka. Wekeni vipaza sauti vinavyosikika hadi nyuma kabisa, kwa sababu walio nyuma ndio wanaopaswa kuambiwa wasimame. Msiite watu wote kwa pamoja kukimbilia mahali pamoja.

Inawezekana. Mahujaji 346 walipofariki kwenye daraja la Jamarat, Mina, karibu na Makka, Januari 12, 2006, daraja hilo lilibomolewa na kujengwa la ghorofa, lenye njia za kuingilia zilizotenganishwa na za kutokea.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON 2027. Vyuo vikuu vyetu vina vijana wanaoweza kuandika programu za kuiga mwendo wa watu. Wapeni ramani za viwanja, wajaribu kwenye kompyuta geti likifungwa hili, likifunguliwa lile, na mvua ikinyesha dakika ya 80. Kisha majibu yao yasomwe na wenye funguo, mapema, kabla tiketi ya kwanza haijauzwa.