GHOROFA ZA KINORU: NA MPANGAJI AULIZWE

Ndugu Wanachama,

Maneno ni mengi juu ya ploti za Kinoru: je, zibaki na nyumba moja moja kama zamani, au matumizi ya ardhi yabadilishwe ili ghorofa zijengwe? Mtu aweza kutuuliza, watu wa reli wana nini na Meru, hali garimoshi huishia Nanyuki? Wake zetu na watoto wetu wakaa huko, na kodi twalipa sisi.

Wenye ploti wasema ghorofa zitamaliza maji na vyoo vitafurika. Hatuwacheki. Kilimani na Kileleshwa kule Nairobi ilikuwa mitaa ya nyumba zenye bustani. Leo ni ghorofa juu ya ghorofa, na malalamiko ya maji na mabomba ya uchafu hayaishi. Lakini mfanyakazi alale wapi? Vyumba vikiwa vichache karibu na mji, kodi hupanda, naye husukumwa mbali akalipe nauli ya matatu asubuhi na jioni. Kwa hiyo sisi twazikubali ghorofa, mradi mabomba yatangulie.

Tena twataka mpangaji aliyemo asitupwe nje. Hilo watu wa reli twalijua. Nyumba za Muthurwa, Nairobi, zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, kisha zikawa mali ya mfuko wa pensheni ya reli. Mwaka 2010 wapangaji waliambiwa wahame, na ubomoaji ukaanza. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Miaka mitatu! Na kumbukeni, aliyetaka ardhi ile hakuwa tajiri mgeni, bali ni mfuko wa wazee wetu wenyewe, wanaostahili pensheni yao.

Wala tusiambiwe kwamba nyumba si kazi ya chama. Tangu Machi 2024, kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, kila mshahara hukatwa asilimia 1.5. Apataye shilingi 20,000 hukatwa 300 kila mwezi, na mwajiri huongeza 300. Anayelipa ana haki ya kuuliza.

Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 yampa mtu anayehusika, akiwa hakuridhika na uamuzi wa kaunti juu ya ujenzi, siku 14 za kukata rufani. Siku 14 ni chache kwa mtu wa zamu ya usiku, na mara nyingi mpangaji hupata habari siku matofali yashushwapo mlangoni.

Basi kila mwanachama mwenye jamaa wapangao Kinoru amletee mwandishi wa tawi, kabla ya mwisho wa mwezi, maelezo ya ploti wanayokaa, kodi walipayo, na kama mahali hapo pana bomba la uchafu au shimo tu. Tutayatia yote katika barua kwa ofisi ya mipango ya kaunti, Meru. Asiyeweza kuandika aje aseme, tutamwandikia.