Divai ya Kolwezi: unalipia zabibu, barabara au jina?

Ukikaa mezani na watu wa migodi katika mkahawa wa Kolwezi, orodha ya divai ikifika utasikia maneno yaleyale. Mkubwa wa meza anapitisha macho upande wa kulia penye dola, kisha mmoja anatoa ushauri kwa sauti ya mtu anayejua. Ushauri huo unawatia watu hasara, na si wale tu wanaolipiwa na kampuni. Mwalimu anayesherehekea mtoto wake kumaliza masomo naye huufuata, na kijana anayemwalika mchumba mara ya kwanza pia. Kwa ajili yao nataka kuyajibu madai hayo.

“Hapa kila kitu ni ghali kwa sababu ya barabara, basi chukua chupa ya bei ya chini kabisa.” Kuhusu barabara hawajakosea. Divai nyingi za mezani kwetu hutoka Afrika Kusini, na kutoka Stellenbosch hadi Kasumbalesa lori hutembea zaidi ya kilomita 3,000. Hapo linasubiri foleni ya mpakani, linafika Lubumbashi, halafu zinabaki kilomita 300 hivi hadi hapa. Lakini lori halijui bei ya chupa. Katoni ya divai ya ovyo na katoni ya divai nzuri zinachukua nafasi ileile. Ushuru na TVA ya asilimia 16 hupanda pamoja na thamani ya mzigo, nauli haipandi.

Tufanye hesabu ya mfano. Chupa moja imetoka shambani kwa dola 5, nyingine kwa dola 12, na kila moja imelipiwa dola 3 za safari. Mkahawa unazidisha gharama yake mara tatu, kama mikahawa mingi duniani inavyofanya. Ya kwanza utauziwa dola 24, ya pili dola 45. Katika zile 24, dola 9 ni za barabara, yaani zaidi ya theluthi ya pesa yako. Katika zile 45, barabara ni dola 9 zilezile, sehemu moja ya tano. Hujafikia kulipa mara mbili, na divai iliyomo ndani ina thamani zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana chupa ya chini kabisa, katika mji ulio mbali na bahari kama huu, mara nyingi ndiyo inayokupunja. Asiye na dola 45 asijikamue: bia ya Simba baridi iliyotengenezwa Lubumbashi ni kinywaji cha heshima kuliko divai mbaya ya dola 24.

“Basi usiguse ya pili kutoka chini, ndiyo mtego wenyewe.” Hoja yao ni kwamba mteja anaona haya kuagiza ya mwisho, anapanda ngazi moja, na mwenye mkahawa anamvizia hapo. Wachumi wawili wa Uingereza, David de Meza na Vikram Pathania, walilipima jambo hili kwenye orodha za mikahawa ya London, wakatoa matokeo yao mwaka 2021. Faida iliyopachikwa juu ya chupa ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya zile zinazoifuata, na faida kubwa zaidi ilikuwa katikati ya orodha. London si Kolwezi, lakini inatosha kuonyesha kwamba kuwa ya pili kutoka chini peke yake hakukuambii kama unapunjwa.

Kinachokuambia ni chupa unayoijua bei yake dukani. Kabla ya kwenda kula, pita katika duka kubwa lolote la hapa au la Lubumbashi, uangalie bei za divai tatu nne za Afrika Kusini. Ukikuta mojawapo kwenye orodha, gawanya bei ya mkahawa kwa bei ya duka. Ukipata mbili, nyumba hiyo ina huruma. Ukipata nne, agiza bia. Fanya hivyo kwa chupa mbili za bei tofauti, maana nyumba nyingine huzidisha sana zile za chini na kuzidisha kidogo zile za juu, na hapo ndipo nafasi yako ilipo.

“Divai ni Bordeaux, nyingine ni maji ya rangi.” Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu linawafanya watu wetu walipe sana na kunywa vibaya. Bordeaux ya Ufaransa ina mashamba kwa maelfu. Yale ya divai nyekundu yaliyopangwa kwa daraja mwaka 1855, ambayo jina lake limebeba sifa ya eneo zima, hayafiki 70, na chupa zake hutazikuta kwa dola 60 kwenye orodha ya mkahawa wa hapa. Unachouziwa Kolwezi kwa bei hiyo ni Bordeaux ya kawaida, iliyopanda meli hadi bandari ya Afrika kisha lori hadi huku. Maneno “Grand Vin de Bordeaux” yaliyoandikwa kwa dhahabu si daraja lolote. “Réserve” kwenye chupa ya Kifaransa nayo haina masharti ya maana. Ni tofauti na Rioja ya Uhispania, ambako Reserva nyekundu lazima ikae miaka mitatu kabla ya kuuzwa, mmoja kati ya hiyo ndani ya pipa.

Wafaransa wenyewe walishapata funzo hilo. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, waonjaji Wafaransa walipewa divai bila kuonyeshwa majina. Nyekundu iliyoshika nafasi ya kwanza ilikuwa ya Stag's Leap, nyeupe ilikuwa ya Chateau Montelena, na zote mbili zilitoka California.

Sisi hatuhitaji kwenda California. Tafuta jina dogo lenye barabara fupi. Chenin Blanc ndiyo zabibu iliyopandwa kwa wingi zaidi Afrika Kusini, na kwa kuwa haina jina la kutisha, bei yake imebaki ya kibinadamu. Zabibu ya Pinotage ilizaliwa hukohuko Stellenbosch mwaka 1925. Na siku ya harusi au ya kupandishwa cheo, kabla ya kusema champagne, uliza kama wana Cap Classique ya Afrika Kusini. Hutengenezwa kwa njia ileile, povu lake likizaliwa ndani ya chupa. Shamba la Simonsig lilianza kuitengeneza mwaka 1971. Tofauti kubwa ya bei kati ya hizo mbili ni jina, na jina halinyweki.

“Divai kadiri inavyozeeka ndivyo inavyokuwa tamu.” Ni chache sana duniani zinazopata faida kwa kuzeeka, na hizo zinataka mahali penye ubaridi usiobadilika. Sasa fikiria Kolwezi: joto la Septemba na Oktoba, umeme wa SNEL unaokatika, depo yenye paa la mabati. Nyeupe au rozé ya miaka sita iliyopita kwenye orodha yetu si hazina. Ni chupa ambayo hakuna aliyeinunua. Chukua ya mwaka wa karibuni. Na kabla haijafunguliwa, itazame. Kizibo kikiwa kimesukumwa juu ya mdomo wa chupa, au shingo ikiwa inanata, au divai ikiwa imepungua chini ya shingo, ujue joto limeshapita hapo. Irudishe bila ugomvi.

Kwa sababu hiyohiyo nawakatalia wanaodharau chupa za kifuniko cha kuzungusha. Kifuniko hicho hakikauki, wala hakileti ile harufu ya kadibodi yenye unyevu ambayo kizibo kibaya huiachia divai.

“Nyekundu inanywewa na joto la chumba.” Chumba gani? Ushauri huo ulitoka kwenye nyumba za baridi za Ulaya, kwenye nyuzi 17 au 18. Mwambie tu mhudumu: “Mama, utuwekee kwenye barafu dakika kumi na tano.” Hutalipa hata faranga moja zaidi, na chupa ya bei ya wastani itapata uhai ambao joto lilikuwa limeuficha.

“Glasi ni nafuu kuliko chupa.” Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano au sita, na ni kawaida ya mikahawa kupanga bei ili glasi ya kwanza au ya pili irudishe gharama ya chupa nzima. Mkiwa wawili na kila mmoja atakunywa mbili, nunueni chupa. Ukiwa peke yako, chukua glasi, lakini uliza ilifunguliwa lini. Ya juzi usiikubali.

Kuhusu nyekundu kwa nyama na nyeupe kwa samaki sitasema mengi. Nyama ya michopo yenye pilipili nyingi ukiinywea nyekundu nzito, mdomo utawaka na divai itakuwa chungu; Chenin baridi inaituliza. Na samaki wa thomson wa kukaanga kwa bukari hana ugomvi na nyekundu nyepesi iliyopozwa.

Limebaki lile la mwisho, linalowafunga wengi midomo: “Kuuliza bei mbele ya wageni ni aibu.” Mtu mwenye dola 50 za divai analetewa pendekezo la dola 120 na anaitikia kwa kichwa, kisha mwezi mzima nyumbani wanaumia. Huhitaji kutamka namba. Shika orodha, weka kidole kwenye bei unayoiweza, si kwenye jina, umwambie mhudumu: “Tunataka kitu cha namna hii.” Mhudumu mzuri anaelewa papo hapo, na wageni wako wanadhani mnajadili zabibu. Akikuonyesha ya juu zaidi, rudisha kidole palepale. Akiileta chupa, soma jina na mwaka kabla ya kumruhusu aifungue, kwa sababu ikishafunguliwa ni yako, hata kama siyo uliyoagiza.