Stelingi Mmoja Hatoshi

Jamani waandishi wenzangu, huyu stelingi tutamlea mpaka lini?

Simulia filamu yoyote kijiweni, iwe hapa Ipuli au kule mjini, swali la kwanza ni lile lile: "Stelingi nani?" La pili: "Anakufa?" Ukijibu kwamba filamu yenyewe haina stelingi, watu wanaanza kuaga. Nasi tunaojiita chipukizi tumeingia mkumbo huo huo. Miswada yetu ina kijana mmoja, binti mmoja na tajiri mmoja mwenye roho mbaya, basi. Wengine wote kazi yao ni kufungua geti na kuleta chai.

Mimi nasema hapana, na shahidi wangu ni filamu ya zamani ya Kimarekani, Nashville ya Robert Altman, iliyotoka mwaka 1975. Ina wahusika 24 na inakwenda kwa siku 5 katika mji wa Nashville, makao ya muziki wa kantri. Ndiko alikorekodi Jim Reeves, yule ambaye wazee wengi wa Afrika Mashariki walimpenda redioni. Humo wamo waimbaji wenye majina na wasio nayo, askari aliyerudi kutoka Vietnam, mzee ambaye mkewe yuko hospitali, na mhudumu wa mgahawa anayetaka kuimba wakati sauti hana. Katikati yao linapita gari la vipaza sauti likimnadi mgombea urais, Hal Phillip Walker. Sauti ya mgombea tunaisikia tangu mwanzo, lakini sura yake hatuoneshwi. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mhudumu wa mgahawa ana sura, mwanasiasa hana!

Mpambe wa mgombea anazunguka kukusanya waimbaji wa kujaza watu mkutanoni. Yule mhudumu anaahidiwa kuimba jukwaa moja na mwimbaji maarufu, mradi avue nguo mbele ya wanaume waliokuja kuchangia kampeni. Anavua. Siku ya mkutano mwimbaji maarufu anapigwa risasi jukwaani. Kipaza sauti kinashikwa na mwanamke aliyekuwa akihangaika filamu nzima kupata nafasi ya kuimba, na umati unaitikia kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo Marekani ya mwaka mmoja baada ya Rais Nixon kujiuzulu, na hakuna stelingi ambaye angeweza kuibeba peke yake.

Najua kuna atakayesema: "Hayo ni ya Wamarekani." Ya Wamarekani? Hapa kwetu muziki na siasa vimelala kitanda kimoja miaka mingapi? NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi nao walikuwa na bendi yao. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa, na wimbo wake ulirekodiwa Redio Tanzania. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, CCM ikaja na TOT ya Kapteni John Komba, ambaye baadaye alikuwa mbunge. Mwaka 2010 Sugu akaingia bungeni kwa CHADEMA, na mwaka 2015 akafuata Profesa Jay. Mwaka 2017 Nay wa Mitego akakamatwa kwa sababu ya wimbo. Mwajiriwa, mpambe, mbunge, mahabusu: huyo ndiye mwanamuziki wetu. Riwaya yake iko wapi?

Tuje nyumbani. Tabora hii ndiyo ya Kiko Kids, ya Nyanyembe Jazz, ya Tabora Jazz ya akina Shem Karenga. Ni hapa hapa, Januari 1958, TANU ilipokutana kuamua kama itaingia uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mwalimu Nyerere akashinda hoja, na Zuberi Mtemvu akajitoa akaanzisha chama chake. Hadithi ya vitabuni inaishia hapo, kwa stelingi na mpinzani wake. Aliyewapikia wajumbe je? Aliyebeba mizigo stesheni? Mpiga tarumbeta aliyetaka uhuru, lakini alitaka pia ujira wa usiku ule? Hao ndio kazi yetu.

Na mji wenyewe unatuumbua. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara. Wapagazi walipita wakiimba, na watumwa walipita wamefungwa minyororo. Leo reli inagawanyika hapa, moja Kigoma, nyingine Mwanza. Mji wa njia panda kama huu utamtoa wapi stelingi mmoja?

"Wahusika wengi wanamchanganya msomaji," mhariri mmoja aliniambia huku akinirudishia mswada. Mbona Ousmane Sembène wa Senegal aliandika mgomo wa reli ya Dakar hadi Niger wa miaka 1947–48 kwa kundi zima la watu, wake kwa waume, na riwaya ile ya mwaka 1960 inasomwa hadi leo? Kinachomchanganya msomaji ni kukosa uzi. Altman ana gari la matangazo, Sembène ana mgomo. Sisi tuna mkutano wa kampeni, tuna treni inayochelewa, tuna dansi la Jumamosi. Uzi upo, mvivu ni sindano.

Tena suala hili si la ufundi peke yake. Kijana aliyelelewa na hadithi za stelingi akikua anamsubiri stelingi aje kuiokoa nchi. Yeye mwenyewe amejiweka kwenye kundi la kupiga makofi.

Basi safari ijayo gari la matangazo likipita mtaani kwako, usimwandike anayenadiwa. Mwandike dereva, mwandike kijana aliyepanda nyuma na spika, mwandike mama anayenyamazisha mtoto aliyeamshwa na kelele. Ukifikisha watu 24, lete tusome.