Mupaka-rangi akianguka, musiseme "ni Mungu"

Bandugu na badada ba Annexe,

Kila mara kijana anaanguka ku nyumba ya etaji, patro anasema yale yale: "Bahati mbaya, Mungu alipanga." Tunakataa. Mungu hakuweka mbao juu ya pipa. Mungu hakukodisha nasele bila mukaba.

Tembeeni Kasapa, Kalebuka, Luwowoshi: etaji zinapanda. Benye kuzipaka rangi ni bijana sawa sisi, bengine na diplome ya UNILU mufukoni. Ndoo mukono mumoja, ngazi mukono mwingine. Kofia hapana, kontra hapana.

Na musidanganywe kama mashini peke yake ni usalama. Gurudumu la nasele likiingia ku shimo, mukono wake unaruka na kumutupa mutu inje ya kikapu. Ndiyo maana mukaba unafungwa ku kikapu chenyewe. Kumupandisha kijana bila mukaba na bila kumufundisha, ku udongo wa mvua, karibu na nyaya za umeme, ni kumutuma ku kifo.

Sheria iko. Code ya kazi ya 2002, artikle 40: ukitumika siku 22 ndani ya miezi 2, na patro akikurudisha ku kazi mbele miezi hiyo iishe, unahesabiwa mutu wa kontra isiyo na mwisho. Na ku CNSS, 1,5 % ya mushahara kwa ajali na magonjwa ya kazi inatoka mufukoni mwa patro, hapana mwako. Asipokuandikisha, anabakia na ile pesa. Siku unavunja mugongo, ni mama anauza friji. Kilio ikiwa, ni siye tunachanga.

Kwa hiyo tunasema:

Patro: mukaba hakuna, kupanda hakuna.

Inspekteri wa kazi: toka ku biro, kuja ku shantie, mbele ya ajali, hapana nyuma ya maziko.

Siye benyewe: tuandike siku zetu ku kaye, tarehe na shantie, na tupige picha. Siku ya 22 ikitimia, tuulize kontra. Mumoja akikataa kupanda, bote tushuke.

Kumufukuza mumoja, patro anaweza. Kupaka etaji ya tatu na mikono yake, hawezi.