Utii na Mpaka Wake

Mtoto wa Ufipa hufundishwa heshima kabla hajafundishwa kusoma. Hujua kumpisha mzee njiani, hujua kuinama na kupiga makofi polepole anapoamkia, wala hampi mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto. Akienda kanisani hukuta mafundisho yayo hayo, maana Amri ya Nne yamwagiza awaheshimu baba na mama. Mambo haya ni mema, wala hakuna mwenye akili atakaye yaondolewe.

Lakini liko neno moja lisahauliwalo mara nyingi, nalo ni kwamba utii una mpaka. Mtu mzima amtakaye mtoto kwa uchafu, amgusaye sehemu zake za siri, au amwambiaye naye amguse yeye, huyo ameuvuka mpaka mwenyewe, na mtoto hana deni la utii kwake hata kidogo. Ikiwa ni mjomba, ni hivyo. Ikiwa ni mwalimu, au katekista, au padre, au mchungaji, ni hivyo pia. Mungu hakumpa mtu ye yote ukubwa ili amharibu aliye mdogo.

Wako wasemao kwamba maneno kama haya hayafai kusomwa na watoto, yasije yakawafungua macho mapema. Wasemao hivyo ni watu wema, lakini hoja yao ni dhaifu, kwa kuwa Biblia yenyewe haikuona haya. Katika kitabu cha Danieli, sura ya 13, kama kisomwavyo na Wakatoliki, imo habari ya Susana wa Babeli. Wazee wawili, tena waamuzi wa watu, walimvizia bustanini alipokuwa peke yake, wakamwambia awakubali, la sivyo watamshitaki kwa uongo. Susana akakataa, akapiga kelele, na watu wa nyumbani wakaja mbio. Hapo ndipo penye huzuni ya habari ile. Walipofika, waliwasadiki wazee. Mvi zao na cheo chao vilihesabiwa kuwa ushahidi wa kutosha, na mtu asiye na hatia akahukumiwa kufa. Ndipo kijana Danieli alipopaza sauti, akataka wazee wale watengwe, akamwuliza kila mmoja peke yake, ni chini ya mti gani waliona hayo wayasemayo. Kila mmoja akataja mti wake. Uongo ukadhihirika pale pale mbele ya mkutano.

Danieli hakukosa adabu alipouliza. Alifanya kazi iliyowapasa watu wote, nao walikuwa wameiacha. Hata leo, katika nyumba nyingi, mtoto akisema jambo, watu hutazama kwanza ni nani aliyetajwa, badala ya kutazama ni nini kilichotendeka.

Kisha hufuata shauri la usiku. Wakubwa wa pande mbili hukaa, hutajwa ng'ombe au fedha, hukubaliana, na neno hufungwa. Husemwa kwamba ukoo umeokolewa na aibu. Yafaa kuulizwa, ni nani hasa aliyeokolewa? Mkosaji amelala kwake salama. Ng'ombe yumo zizini mwa baba. Na mtoto, kesho yake asubuhi, hukutana na mtu yule yule njiani kwenda kisimani. Shauri la namna hiyo ni biashara tu, na kilichouzwa ni mtoto.

Watu wa Ufipa wana sababu ya kuichukia biashara hiyo kuliko wengine. Ukristo wao ulitoka Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, ambako Mapadre Weupe walikabidhiwa boma mwaka 1885, nao wakakusanya huko watoto waliokombolewa utumwani. Adriano Atiman, ambaye sifa zake bado husimuliwa, mwenyewe aliibwa akiwa mtoto katika nchi za mto Niger, akauzwa, akakombolewa na mapadre huko Algeria, akasomea uganga Malta. Akaja Karema, akawatibu watu kwa zaidi ya miaka 60, hata alipofariki mwaka 1956. Itakuwaje basi wajukuu wa wale waliotibiwa naye wapokee ng'ombe kwa kunyamaza?

Bwana Yesu, ambaye alikuwa mpole kwa wakosaji wengi, hakuwa mpole katika jambo hili. Alisema kwamba amkosesaye mmoja wa wadogo, ingalikuwa heri afungiwe jiwe la kusagia shingoni na kutoswa baharini. Mama aliyewahi kusaga ulezi kwa jiwe ajua uzito wake. Na lile la Injili ni kubwa zaidi, huzungushwa na punda.

Wala viongozi wa Kanisa hawawezi kuwahukumu wanakijiji huku wakijisamehe wenyewe. Katika nchi nyingi walikuwako maaskofu waliojua makosa ya mapadre wao, wakawahamisha tu toka parokia hata parokia, nao wakakosa tena. Kwa hiyo mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria inayowalazimisha mapadre na watawa wote kutoa habari kwa wakubwa wao, mara wapatapo kujua jambo kama hilo. Serikali ya Tanzania ilikuwa imekwisha kuagiza katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwamba kila mtu mwenye habari ya mtoto anayedhulumiwa azipeleke kwa serikali ya mahali pale.

Liko bado jambo moja, nalo huwaumiza watoto kuliko kupigwa. Wengine wakisha kutendewa ubaya hujiona wamekuwa wachafu, na kwamba usafi wanaousikia mahubirini si wao tena. Jibu lake ni la zamani sana. Mwaka 410 mji wa Roma ulitekwa, na wanawake Wakristo wakatendewa jeuri na askari. Watu wakawacheka. Mtakatifu Augustino akawajibu katika kitabu chake cha Mji wa Mungu, kwamba usafi umo moyoni, na tendo la mwovu haliwezi kuuondoa kwa mtu asiyelikubali. Dhambi ni ya aliyetenda. Mtoto, awe msichana au mvulana, hana la kuungama hapo, hata kama aliogopa mno asipige kelele kama Susana, hata kama alipokea zawadi.

Maana mara nyingi zawadi hutangulia. Huja shilingi mia tano, au andazi, au daftari jipya, pamoja na maneno, "Usimwambie mama." Mtoto asikiapo maneno hayo, ndipo wakati wa kumwambia mama. Mama asiposadiki, aambiwe shangazi, au bibi, au mwalimu aaminikaye; nao wakinyamaza, liko dawati la jinsia na watoto katika polisi, na iko simu ya watoto, namba 116, ambayo hailipiwi. Susana alipiga kelele mara mbili: mara ya kwanza bustanini, na mara ya pili, alipokwisha kuhukumiwa, alimlilia Mungu mbele ya mkutano wote uliokataa kumsadiki.